Siafu Wasioona Moshi

Je, wajua kwamba ule mstari unaotembea kama msafara wa siafu, ukizunguka sehemu uliyoichagua kwenye picha, hukuonyesha baadhi tu ya ulichokichagua?

Moshi wa udi ndio ulionifanya niandike haya. Kijana ninayemfundisha kuhariri picha alikuwa na picha ya bi harusi amekaa mbele ya chetezo. Moshi ulikuwa kwenye leya yake, na maski imetengenezwa vizuri. Akashika Ctrl, akabofya kijipicha cha maski ili igeuke kuwa eneo lililochaguliwa. Photoshop ikamletea onyo: hakuna pikseli iliyochaguliwa zaidi ya asilimia 50, kwa hiyo mstari hautaonekana.

"Ami, maski hii haina kitu," akaniambia, mkono wake tayari unaitafuta raba.

"Usifute, mwanangu. Kimo."

Maski ni picha ya kijivu. Kila nukta yake ina namba, kuanzia 0, ambayo ni nyeusi na huficha, mpaka 255, ambayo ni nyeupe na huonyesha. Za katikati zinaficha kiasi na kuonyesha kiasi. Ukiigeuza maski kuwa eneo lililochaguliwa, namba zote zinahamia humo, hata zile ndogo kabisa. Lakini mstari ni mmoja, na mstari mmoja hauwezi kuchora ngazi 256. Kwa hiyo hupita pale tu uchaguzi unapovuka nusu. Moshi mwepesi haufiki nusu popote, basi siafu hawana pa kupita.

Nikamwambia ashike Alt abofye maski ile ile. Skrini ikaingia giza, na moshi ukapanda kutoka chini, kijivu, umekonda. Tukapitisha mshale juu yake tukisoma namba: 96 juu ya chetezo, 41 begani kwa bi harusi, kisha 12, kisha hakuna. Akarudi kwenye picha, akaipa joto kidogo rangi ya eneo lililochaguliwa, na moshi ukageuka wa dhahabu mbele ya macho yetu bila ya mstari hata mmoja kuonekana.

Kosa si la kijana. Siafu hao walizaliwa kwenye MacPaint, programu aliyoiandika Bill Atkinson, iliyotoka mwaka 1984 pamoja na kompyuta ya Macintosh. Skrini ile ilikuwa na nyeusi na nyeupe tu. Nukta ilikuwa ndani au nje, na mstari ulisema ukweli wote. Photoshop ilipotoka 1990, na leya zilipokuja na toleo la tatu mwaka 1994, mstari wa zamani uliendelea kutumika kwa kitu ambacho hauwezi kukieleza. Tunafundisha vijana kuuamini mstari kabla ya kuwafundisha kuisoma maski, na hapo ndipo raba inapoingia.

Raba naichukia, nasema wazi. Sisi tulikuwa na barakoa Unguja zamani sana, ile ya mabibi wa karne ya 19, na kila mtu alijua kuwa uso uko nyuma yake, mzima. Maski ya picha ni hivyo hivyo: ukitaka, unafunua. Raba inakata uso.

Kwa picha za harusi utaumia wewe na mteja wako. Kwa picha kongwe tunaumia sote. Nimewahi kuletewa skani ya picha ya zamani ya Forodhani, mtu ameondoa madoa ya ukungu kwa raba na kuondoka na ukingo wa mnara wa jumba la Beit al Ajaib, kisha akaihifadhi kama JPEG, ambayo haibebi leya wala maski. Mnara huo ulianguka tarehe 25 Desemba 2020. Picha kama hizo, zilizopigwa na studio za Mji Mkongwe kama Capital Art Studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, nyingine zimo kwenye makabati ya nyumba zetu, zinaliwa na unyevu. Ukiiskani moja, leya ya chini usiiguse kabisa. Faili litakuwa kubwa. Nunua diski.

Na faili likijaa leya, tangu toleo la CS6 la 2012 unaweza kuiambia Photoshop ikuonyeshe zenye maski peke yake. Kwa nini watu hawalitumii hilo, sielewi.

Kazi nyingine za maski: majani ya mnazi mbele ya mbingu, shela, neti ya mbu kwenye matangazo ya hoteli za Nungwi, mabango ya matamasha, fulana, majalada ya vitabu vya skuli, na picha za pasipoti, ambako nywele za mtoto pembeni mwa sikio ndizo zinazokuonyesha nani katumia raba.