Milisekunde 200 za Kufungua Folda

Bofya folda kwenye uso wa kompyuta. Kabla kidole hakijatulia, kidirisha kimekwisha kuchomoza na faili zimejipanga ndani yake. Muda uliopita unakaribiana na ule wa kupepesa jicho, lakini ndani yake kuna maswali ambayo wabunifu wa programu hawajaacha kubishania: kidirisha kianzie wapi, kikue kwa kasi gani, kisimame vipi, au kitokee tu ghafla bila mbwembwe?

Mtu wa nje huona huo ni ubishi wa mapambo. Lakini ukichunguza jinsi jicho na ubongo vinavyofanya kazi, utaona kwamba mwendo ule mfupi ni taarifa kamili, kama lilivyo jina la faili. Ukiwekwa vizuri humwambia mtumiaji kitu kimetoka wapi na kimekwenda wapi. Ukiwekwa ovyo humpotezea muda, na wengine huwatia kichefuchefu.

Jicho lisiloona badiliko

Tunadhani tunaona kila kilicho mbele yetu, lakini sehemu ya retina inayoona kwa ukali, iitwayo fovea, ina eneo dogo mno. Hushika takriban nyuzi 2 za uwanja wa macho, kiasi cha upana wa dole gumba ukinyoosha mkono. Kwingine kote picha ni hafifu na ubongo hujazia wenyewe.

Mwaka 1997 watafiti Ronald Rensink, Kevin O'Regan na James Clark walionyesha jinsi pengo hilo lilivyo kubwa. Waliwapa watu picha mbili zinazopishana, zilizofanana kwa kila kitu isipokuwa jambo moja, na katikati yake wakaweka skrini tupu kwa milisekunde 80. Watu walikodoa macho muda mrefu wasione tofauti, hata pale kitu kilichobadilika kilipokuwa kikubwa. Utupu ule ulipoondolewa, tofauti ilijitokeza mara moja.

Sababu ni hii: kitu kikibadilika, mahali pale pale hutoka ishara ya mwendo, na ishara hiyo ndiyo inayoliita jicho. Skrini nzima ikitikisika kwa mpigo mmoja, kila mahali panaita, na jicho halijui liitikie wapi.

Sasa chukua folda yenye aikoni thelathini. Futa moja. Kompyuta ikizipanga upya zilizobaki papo hapo, nyingi zinahama nafasi kwa wakati mmoja, nawe unabaki kujiuliza kama umefuta ile uliyokusudia. Lakini iliyofutwa ikififia kwanza, kisha jirani zake zikateleza kuziba pengo, umeona kisa chote. Hakuna aliyekueleza kwa maandishi, na hukuhitaji kusoma.

Tena mwendo wenyewe hutengenezwa kichwani. Skrini haitoi chochote ila picha tuli zinazofuatana. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer alithibitisha jambo hilo kwa kuonyesha mistari miwili kwa zamu. Nafasi kati ya mmoja na mwingine ilipokuwa kama milisekunde 60, watazamaji waliona mstari mmoja unaohama, ingawa hakuna kilichohama. Ilipozidi milisekunde 200 hivi, waliona mistari miwili tofauti. Kila folda inayojifungua kwa madaha inategemea udanganyifu huo.

Kutoka Xerox hadi katuni

Folda ziliingia kwenye kompyuta za ofisini mwaka 1981 kupitia Xerox Star, mashine iliyoigiza meza ya karani pamoja na nyaraka na makabrasha yake. Miaka mitatu baadaye Macintosh ya Apple ilipotoka, aikoni zake za vitone 32 kwa 32 zilichorwa na Susan Kare. Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu, hivyo kulikuza dirisha zima hatua kwa hatua kungekuwa mzigo mzito. Wahandisi wake walitumia njia ya mkato: mtu akifungua folda, ulionekana muhtasari wa mistatili ukipanuka kutoka kwenye aikoni hadi mahali ambapo dirisha lingetokea. Ilikuwa mistari mitupu, lakini ilitosha kusema, "dirisha hili limetoka hapa."

Hatua iliyofuata ilitoka kwa wachora katuni. Frank Thomas na Ollie Johnston, waliofanya kazi Disney kwa miongo mingi, waliandika mwaka 1981 kanuni 12 zinazofanya mchoro uonekane una uhai. Mwaka 1993 Bay-Wei Chang na David Ungar walizichukua baadhi ya kanuni hizo na kuzitia kwenye mazingira ya lugha ya programu iitwayo Self. Hoja yao ilikuwa kwamba vitu vya kwenye skrini navyo vionekane vina uzito. Visipotee na kuibuka kama majini, na visianze wala kusimama kwa kushtukiza.

Kanuni iliyodumu kuliko zote ni ile ya kuanza polepole na kumaliza polepole. Daladala haliondoki kituoni kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa toka sekunde ya kwanza, wala halisimami kama limegonga ukuta. Likifanya hivyo, abiria wote watakuwa sakafuni. Jicho limezoea kuona dunia yenye uzito wa namna hiyo, na kitu kinachokwenda kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho huliingia kama kitu kisicho cha kweli.

Leo kasi hiyo inayobadilika huchorwa kwa mkunjo unaoongozwa na pointi nne, uitwao mkunjo wa Bézier. Asili yake ni viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, kila mmoja kwa njia yake, walitafuta hesabu ya kuchora mabodi ya magari. Hesabu ile ile sasa inaamua kidirisha cha folda kitakavyotulia.

Mfano wa KDE

Wanaotaka kuona ubishi huu ukifanyika hadharani waangalie KDE, mradi wa programu huria ulioanzishwa Ujerumani mwaka 1996 na Matthias Ettrich. Toleo lake la 4.1, lililotoka Julai 2008, lilileta wijeti iliyoonyesha yaliyomo ndani ya folda yoyote kwenye kijisanduku juu ya uso wa kompyuta. Uso huo haukuwa tena ghala moja la aikoni. Mtu aliweza kuweka kijisanduku cha kazi, kingine cha picha, kingine cha vitu alivyopakua.

Wijeti kama hiyo ina mitihani yake. Wa kwanza hauhusu mwendo kabisa. Maandishi yake hukaa juu ya picha ya mandhari aliyoichagua mtumiaji, na mbunifu hajui itakuwa bahari, theluji au picha ya harusi. Viwango vya kimataifa vya ufikivu vinataka mwanga wa maandishi ya kawaida na ule wa usuli wake vitofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Ndiyo maana kijisanduku huwekewa usuli usiopenyeza sana, au jina la faili huwekewa kivuli. Mbunifu anayetaka kioo kinachong'aa na kupenyeza kila kitu anapendeza kwenye picha ya matangazo, kisha anamwacha msomaji akikunja uso.

Mtihani wa pili ni nafasi kati ya aikoni. Mwaka 1970 Herman Bouma alionyesha kwamba herufi inayoangaliwa kwa pembeni haisomeki ikiwa jirani zake ziko karibu kuliko takriban nusu ya umbali wake kutoka mahali jicho lilipoelekezwa. Aikoni zikibanana, jicho halitambui iliyo pembeni mpaka liielekee moja kwa moja, na kutafuta kunakuwa kutembelea moja baada ya nyingine. Nafasi iliyo wazi inaonekana kama hasara ya skrini, kumbe inampunguzia mtu safari za macho.

Mwendo unakuja baada ya hayo. Plasma, ambao ndio uso wa sasa wa KDE, una jambo zuri: ukiburuta faili na kuisimamisha juu ya folda, kidirisha chake hufunguka ili uendelee kushuka ndani bila kuachia kipanya. Hapo mahali pa kuanzia ni muhimu sana. Kidirisha kikichomoza kutoka kwenye folda yenyewe, mkono unajua uelekee wapi. Kikitokea katikati ya skrini, mtu amepoteza uzi huku bado ameshika faili.

Muda una mipaka yake

Tangu Robert Miller alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1968, wabunifu wamefuata vipimo vinavyofahamika: jibu linalokuja ndani ya sekunde 0.1 huhisiwa kuwa la papo hapo, na likifika sekunde 1 mtu anatambua amesubiri. Kwenye maktaba ya KDE, muda mfupi wa kawaida ni milisekunde 100, unaofaa mabadiliko madogo kama aikoni kung'aa kishale kikipita. Muda mrefu ni milisekunde 200, wa kufungua vidirisha. Vinavyozidi hapo ni vichache.

Mwendo unaopendeza mara ya kwanza unaweza kuudhi mara ya hamsini. Kwa hiyo uhuishaji mzuri haumfungi mtumiaji. Akibofya kufunga folda ikiwa bado inafunguka, igeukie pale pale ilipofika na irudi, isimlazimishe kutazama onyesho hadi mwisho.

Halafu kuna mashine yenyewe. Skrini ya kawaida huchora picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 16.7 za kutayarishwa. Kompyuta ikichelewa, picha inarukwa na mwendo unakwamakwama. Milisekunde 200 zina picha 12 tu. Zikipotea nne, kilichokusudiwa kuteleza kinaruka kama chura. Kufifisha rangi au kuhamisha picha iliyokwisha kuchorwa ni kazi nyepesi kwa kadi ya picha. Kupima upya nafasi ya kila aikoni katika kila fremu, au kutia ukungu nyuma ya kioo, ni kazi nzito. Anayejaribu kazi yake kwenye mashine mpya peke yake hataliona tatizo ambalo mwenye kompyuta ya mtumba ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue ataliona siku ya kwanza.

Wasioweza kuvumilia

Mwaka 2013 Apple ilitoa iOS 7, ambamo folda na programu zilifunguka kwa kukuza picha kwa nguvu kama mtu anayetumbukizwa ndani. Baadhi ya watumiaji walilalamika kuwa wanapata kizunguzungu na kichefuchefu. Kiungo cha mizani kilicho ndani ya sikio husema mwili umetulia huku macho yakisema unasonga, na kwa wenye matatizo ya kiungo hicho mgongano huo ni ugonjwa hasa. Oktoba mwaka huo huo sasisho la 7.0.3 liliruhusu kupunguza mwendo huo, na badala ya kukuza, picha moja ikafifia ndani ya nyingine. Plasma nayo ina kidhibiti cha kasi ya uhuishaji, ambacho unaweza kukisukuma mpaka mambo yote yawe ya papo hapo.

Kidhibiti hicho ni kipimo kizuri kwa mbunifu pia. Azime mwendo wote, afanye kazi siku nzima, kisha aandike ni wapi alipotea: faili iliyohama asijue imeenda wapi, kidirisha asichojua kimetoka folda gani. Mwendo arudishe hapo tu. Kama orodha yake ina mistari mitatu, wijeti yake inahitaji miendo mitatu, na muda uliobaki autumie kurekebisha majina yasiyosomeka.