Mbegu za waridi la jangwani: Usizitie katika chupa ya dawa

Mama mmoja alifika katika kliniki yangu mjini Isiolo akiwa amembeba mtoto wa miaka 3. Mkononi alishika chupa ya dawa ya kikohozi ambamo alikuwa ameweka mbegu za maua yake. Alimkuta mtoto ameifungua na hakujua kama amemeza chochote.

Maua yenyewe ni waridi la jangwani, ambalo kitaalamu huitwa Adenium obesum. Ni kichaka chenye shina nene na maua mekundu au ya waridi. Humea chenyewe katika sehemu kame za kaunti hii, na watu wengi hukipanda katika vyungu nyumbani.

Kuvuna mbegu zake si kazi ngumu. Matunda huota mawili mawili mfano wa pembe. Yafunge kwa uzi kabla hayajapasuka, la sivyo mbegu zitapeperushwa na upepo kwa sababu zina sufi kwenye ncha zake. Yakianza kupasuka, yakate, utoe mbegu, uzianike kivulini siku chache, kisha uzitie katika bahasha ya karatasi. Zipande mapema, zikikaa sana hazioti vizuri.

Je, hatari iko wapi? Sehemu zote za mmea huu zina sumu. Wahadzabe wa Tanzania huutumia utomvu wake katika mishale ya kuwindia. Sumu hiyo hufanya kazi kama digoksini, dawa ambayo wagonjwa wa moyo hupewa kwa kipimo kidogo mno. Aliyeimeza hutapika, huumwa na tumbo, na mapigo ya moyo hupungua au huenda ovyo. Anaweza kufa.

Kwa hivyo vaa glavu unapovuna, kisha unawe mikono kwa sabuni. Andika SUMU kwenye bahasha, na uifungie mbali na chakula na dawa.

Mtoto akimeza mbegu, mwondolee zilizobaki kinywani. Usimtapishe, wala usimpe maziwa ukidhani yataua sumu. Mkimbize hospitalini hata kama anaonekana mzima, na uzibebe mbegu ili daktari azione.

Mtoto yule tulimwangalia kwa saa nyingi na hakuonyesha dalili yoyote. Si kila mzazi atakuwa na bahati hiyo.