Duka la ubia likiingia kampunini, deni hubaki kwa nani?

Tuseme wewe na shemeji yako mna duka la vifaa vya ujenzi huko Kariobangi. Mlilianza kwa mabati machache, na hadi leo faida mnagawana nusu kwa nusu. Kisha binamu yenu, mwenye kampuni ya kibinafsi ya kusafirisha mchanga na kokoto, anawajia na pendekezo: ya nini kila mtu kuhangaika kivyake? Mnakunywa chai, mnapeana mikono, na kesho yake mchoraji anaitwa kuandika jina jipya ukutani.

Ngojeni kidogo. Rangi ya ukutani haihamishi kitu mbele ya sheria.

Ubia na kampuni si ndugu wa tumbo moja. Katika ubia wa kawaida deni la duka ni deni lenu, na mdai anaweza kufuata hata gari lako na ploti yako. Kampuni nayo huhesabiwa kama mtu mbali na wenyewe. Kwa hivyo huo mnaouita muungano, aghalabu ni mauzo: kampuni inanunua biashara ya ubia, nao wabia wanalipwa kwa hisa badala ya pesa taslimu.

Wengi hudhani kwamba wakishapata hisa, madeni ya zamani yamekufa. La hasha! Aliyewakopesha simiti aliwakopesha ninyi, na mtaendelea kudaiwa hadi yeye mwenyewe akubali kuwaachilia na kuishika kampuni. Binamu naye asicheke. Sheria ya Uhamishaji wa Biashara yasema anayechukua biashara huchukua na madeni yake, hata mkiandikiana kinyume, isipokuwa ilani itangazwe ipasavyo katika Gazeti Rasmi la Serikali na magazetini, si chini ya miezi miwili kabla ya kukabidhiana. Ndizo zile ilani ndogo ndogo unazozipita mbio ukitafuta ukurasa wa michezo.

Halafu kuna bima, ambayo watu huisahau kabisa. Mwenye shamba mmoja wa Ireland, Macaura, aliiuzia kampuni yake mwenyewe magogo yote yaliyokuwa shambani, akalipwa kwa hisa. Bima ya moto akaikata kwa jina lake, si la kampuni. Moto ulipoyateketeza magogo hayo mwaka wa 1922, wenye bima walikataa kulipa. Kesi ilifika House of Lords, na mwaka wa 1925 majaji wakaamua kwamba mali ilikuwa ya kampuni, si yake. Hakupata hata ndururu. Mawakili wetu wangali wanaitaja kesi hiyo.

Ikiwa duka limejengwa kwenye ploti yenu, kuiingiza kampunini ni kuihamisha. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani yake mjini na asilimia 2 mashambani. Na ikiwa ploti hiyo ni mali ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yataka mume au mke akubali kwanza. Kumficha mama watoto jambo hili ni kujichongea kesi.

Lakini linalowauma wengi baadaye ni usemi. Katika ubia wa wawili, shemeji yako hawezi kukuzidi kura. Kampunini hisa ndizo zinazosema. Ukipewa 20 katika 100, mambo ya kawaida yatapitishwa bila wewe, na hata yale mazito yanayohitaji asilimia 75 ya kura huwezi kuyazuia peke yako. Ulizia mapema bidhaa zilithaminiwa na nani, na ikiwa katiba ya kampuni yakuruhusu kuuza hisa zako ukichoka.

Na yule kijana aliyewapakilia simiti kwa miaka 6? Mkataba wake ni na ninyi, wala hahami kimya kimya kama mifuko. Ikiwa kazi yake haitahitajika tena, Sheria ya Ajira ya 2007 yampa ilani ya mwezi mmoja na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza, yaani siku 90. Nani atalipa, duka au kampuni? Hilo liandikwe kabla ya sahihi ya kwanza kutiwa.