Zuru London bila kufilisika

Mzazi aliyeuza ng'ombe ili akashuhudie mwanawe akihitimu London huonywa na majirani kuwa mji huo utammaliza. Hawakosei. Lakini kinachommaliza mgeni si kuutazama mji, ni nauli, chakula na malazi.

Anzia uwanja wa ndege wa Heathrow. Iache treni ya haraka, upande ile ya njia ya Piccadilly. Hukawia zaidi, lakini nauli yake ni nafuu sana.

Ukishafika mjini, tumia basi. Usitoe noti, kwani tangu 2014 mabasi ya London hayapokei pesa taslimu. Lipa kwa kadi ya Oyster au ya benki. Ukitumia kadi hiyo hiyo, nauli moja hukuwezesha kubadilisha mabasi kwa muda wa saa moja.

Vya kutazama ni vingi. British Museum, iliyofunguliwa 1759, haitozi kiingilio, wala National Gallery. Maonyesho maalum tu ndiyo hulipiwa.

Njaa nayo? Soko la Ridley Road, mtaani Dalston, lina ndizi za kupika na viazi vikuu. Maji ya mfereji ni salama, kwa hivyo beba chupa.

Na ukilala kwa jamaa, kumbuka kodi ya nyumba inamlemea. Changia chakula, osha vyombo, na usikawie. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.