Je, Anayesamehe Hupoteza Haki ya Kudai Fidia?



Baada ya Misa, mama mmoja ambaye mwanawe anaishi Marekani aliniletea swali. Kijana aliumia mgongo kazini, akaandikiwa na daktari dawa ya kutuliza maumivu, na hatimaye akawa mraibu. Mwaka 2020 aliwasilisha madai ya fidia. "Baba," akauliza, "Mkristo si ameagizwa kusamehe?"

Kwanza, tendo la kutuliza maumivu si dhambi. Papa Pius XII alilifundisha hilo waziwazi mwaka 1957. Kosa lilikuwa kwingine. Kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza dawa ya OxyContin, iliyo ya jamii ya afyuni, mwaka 1996. Mwaka 2007 kampuni mshirika wake, Purdue Frederick, ilikiri mahakamani kwamba baadhi ya watumishi wake waliitangaza dawa hiyo, kwa nia ya kupotosha, kuwa haileti uraibu kwa kiasi kile cha dawa nyingine za aina yake. Mgonjwa aliyemeza kidonge kwa kufuata cheti cha daktari alikuwa ametii tu. Nasema hivyo kwa sababu hata katika jumuiya zetu tunaharakisha kumwita mraibu mkosaji.

Kesi zilipozidi, Purdue iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi mwezi Septemba 2019. Familia ya Sackler, wamiliki wake, haikufilisika. Ilikubali kuchangia hadi dola bilioni 6, kwa sharti kwamba isishitakiwe tena na yeyote kuhusu dawa hiyo, hata na waathirika ambao hawakuridhia. Malipo ya mwathirika mmoja yalikadiriwa kuwa kati ya dola 3,500 na 48,000, kabla ya kukatwa gharama za mawakili.

Tarehe 27 Juni 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa mpango huo kwa kura tano dhidi ya nne. Ilisema kwamba sheria ya ufilisi haitoi ruhusa ya kufuta madai ya mtu dhidi ya wasiofilisika bila ridhaa yake. Majaji wanne waliopinga walihofia kwamba waathirika wangebaki mikono mitupu, na hofu hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Hata hivyo mapatano mapya ya dola bilioni 7.4 yalitangazwa Januari 2025. Humo, asiyekubali kuwaachilia wamiliki hubaki na haki ya kuwashitaki.

Hapa sheria ya dunia inakaribiana na mafundisho yetu. Deni la haki husamehewa na aliyedhulumiwa mwenyewe; mwingine hawezi kulisamehe kwa niaba yake. Tena Katekisimu (na. 2487) inafundisha kwamba kosa dhidi ya haki na ukweli linadai malipizi hata pale mkosaji alipokwisha kusamehewa. Zakayo alimpokea Bwana kwa furaha, na bado akaahidi kurudisha mara nne (Lk 19:8). Kwa hiyo nilimjibu mama yule: mwanao anaweza kusamehe kwa moyo wote na bado kufuatilia fidia yake. Anachokatazwa ni chuki na uongo katika madai.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Muda wa kuwasilisha madai ya kesi hiyo ulikwisha tarehe 30 Julai 2020, na waliowahi hutakiwa kuthibitisha kwamba waliandikiwa dawa hizo. Wengi hawana tena karatasi. Nyingine zimepotea, kumbukumbu nyingine zimeteketezwa na hospitali baada ya miaka. Mama alikumbuka kwamba mwanawe aliwahi kumtumia picha ya kichupa chenye jina lake na tarehe, ili amwombee apone. Tuliitafuta pamoja katika simu yake, pale pale kwenye ngazi za kanisa, tukaipata.

Amemrudishia picha hiyo aipeleke kwa wakili wake.