Tuwakumbuke Waliotubeba



Dominika ya leo napenda tutafakari pamoja juu ya kipaji kimoja ambacho Mwenyezi Mungu ametujalia, nasi twakitumia kila saa bila kukifikiri. Ni kipaji cha kukumbuka.

Wengi wetu hudhani kwamba kumbukumbu ni kama ghala: kilichowekwa jana hukutwa kesho kikiwa vile vile. Sivyo ilivyo. Mwaka 1932 mtaalamu wa saikolojia wa Uingereza, Frederic Bartlett, alieleza majaribio aliyoyafanya. Aliwapa watu hadithi ya taifa geni waisome, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Kadiri walivyoirudia, yale yasiyolingana na desturi zao yaliachwa au yaligeuzwa. Watu hao hawakukusudia kudanganya. Walikumbuka kwa namna walivyozoea kuyaona mambo. Basi, ikiwa hadithi ya wageni hugeuka hivyo midomoni mwetu, hadithi ya maisha yetu wenyewe, ambayo twatamani itupendeze, itakuwaje?

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Kwa miaka mingi nimewahubiria vijana juu ya taabu za masomo yangu: kutembea pekupeku, kusoma kwa mwanga wa kibatari, kubeba kichwani sanduku la bati mpaka kituo cha basi. Nilizoea kumaliza kwa kusema kwamba ni juhudi iliyonifikisha hapa nilipo. Siku ya jubilei yangu ya miaka 25 ya upadre nilisimulia hayo tena, na watu wakanipigia makofi. Jioni nilimkuta dada yangu mkubwa uani akiosha vyombo vya karamu. Mbele ya watu yeye huniita Baba Padre, lakini jioni ile alisema, "Mdogo wangu, ada yako ya kidato cha kwanza unakumbuka ilitoka wapi?" Nikajibu kwamba ilitoka katika kahawa ya marehemu baba. Akasema, "Kahawa ya mwaka ule ilitosha ada ya mtoto mmoja. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nilirudi nyumbani ili wewe uende." Hakusema kwa hasira. Aliendelea kusuuza sahani.

Ndugu zangu, lililonichoma ni kwamba habari ile niliijua. Nilikuwapo alipoyatoa madaftari yake katika lile sanduku la bati, nami nikatia nguo zangu. Sanduku sikulisahau, maana nimelitaja katika mahubiri mengi. Nilisahau lilikuwa la nani.

Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa Tagaste, katika nchi ya leo ya Algeria, mwaka 354, aliujua vizuri udhaifu huu. Katika kitabu chake cha Maungamo anaifananisha kumbukumbu na mashamba mapana na majumba makubwa ya kifalme, ambamo mtu hukutana na nafsi yake. Lakini hakuingia humo ili ajisifu. Anaeleza kwamba baba yake hakuwa tajiri. Alipokuwa na umri wa miaka 16 ilimbidi akae nyumbani mwaka mzima, mzazi wake akitafuta fedha za kumpeleka Karthago. Katika mwaka huo yeye na wenzake waliiba mapeasi usiku, wala si kwa njaa, wakayatupa mengi kwa nguruwe. Wakati anaandika hayo alikuwa askofu mwenye kuheshimiwa, na angeweza kunyamaza. Badala yake alijiuliza kwa nini alilipenda kosa lile, akatambua kwamba peke yake asingelitenda. Hakusahau pia kwamba, baba alipofariki, mama yake Monika ndiye aliyeendelea kumgharimia masomo.

Monika alifariki Ostia, karibu na Roma, mwaka 387. Alikuwa amejitayarishia kaburi Afrika, kando ya mumewe. Hata hivyo aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote. Aliomba tu wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Kwa mama huyo, kukumbuka ni tendo.

Siku hizi twajifunza mengine. Asifiwaye ni mtu aliyejiinua mwenyewe, asiyedaiwa shukrani na yeyote. Simu zetu za mkononi zimejaa picha zetu za harusi na safari, lakini simu hutunza yale tuliyochagua kuyaonyesha. Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kumbukumbu isifiwayo kila siku nayo huingia maji. Ndiyo maana katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 8, Musa aliwaonya Waisraeli kwamba, watakapokula na kushiba na kukaa katika nyumba nzuri, wasije wakadhani ni mkono wao uliowapatia utajiri huo. Ndiyo maana pia kila Misa Takatifu ni ukumbusho: twaletwa mbele ya Yule aliyetoa maisha yake kwa ajili yetu, wala hakuna awezaye kusimama pale akasema kwamba amejifikisha mwenyewe.

Basi, wapendwa, na hasa ninyi makatekista mnaofundisha utafiti wa dhamiri, wiki hii tujiulize maswali matatu kabla ya kulala. Ni nani aliyenibeba, nami simtaji? Ni nani niliyemwumiza, nami nimejisimulia vinginevyo? Na je, yupo mtu ninayemruhusu anisahihishe? Swali la tatu ndilo gumu zaidi, kwa kuwa mtu hawezi kuuona mgongo wake; anahitaji jicho la ndugu.

Miaka ya shule ya dada yangu siwezi kuirudisha. Dominika iliyofuata niliisimulia upya habari ya sanduku lile, nikasema lilikuwa la nani. Yeye alikuwa ameketi benchi la tatu. Hakuinua uso, lakini baada ya Misa alinisubiri mlangoni, tukaenda nyumbani pamoja.

Mwenyezi Mungu atujalie kumbukumbu ya kweli na moyo wa shukrani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.