Chuma cha Damu Hakifuati Bangili

Juzi, kwenye foleni ya benki, mzee mmoja alisikia kuwa kazi yangu ni ya sumaku akaivua bangili yake pale pale. "Mwanangu, si ndiyo hii inayovuta chuma cha damu, presha ikashuka?" Swali hilo nimeshalijibu harusini, msibani na ndani ya daladala. Leo naliandika, nipumzike.

Haivuti. Hemoglobini ina atomi nne za chuma, kila moja imefungwa kivyake ndani ya protini. Kule kushikamana kwa atomi kunakoufanya msumari uirukie sumaku, hakupo. Tena mwaka 1936 wanakemia Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha jambo ambalo wauza bangili hawalitaji: hemoglobini iliyobeba oksijeni husukumwa na sumaku, ingawa kidogo mno. Isiyo na oksijeni huvutwa, nayo kidogo mno. Hunisadiki? Kila siku watu huingizwa kwenye mashine ya MRI ya tesla 1.5, yenye nguvu mamia ya mara kuliko sumaku ya mlango wa friji. Wanatoka wazima. Ingekuwa kama inavyodaiwa, wangeganda kwenye ukuta wa mashine.

Sisi wa maabara tungefurahi chuma hicho kingevutika, tungeokoa fedha. Tukitaka kuvuta utando wa seli, inatubidi tuununulie sumaku: punje za magnetaiti za nanomita kama 10. Moja haina ubavu, kwa hiyo hufungashwa nyingi ndani ya ushanga wa plastiki, ukapakwa kingamwili inayong'ang'ania protini ya utando. Ukisogeza sumaku-umeme, chini ya hadubini utando unavutika uzi kama ulimbo. Ukikata umeme, unapima unavyorudi. (Francis Crick alivuta punje za sumaku ndani ya seli za kuku huko Cambridge, akachapisha mwaka 1950, kabla ya umaarufu wake wa DNA.) Tunapima ulaini huo kwa sababu seli nyekundu, yenye upana wa mikroni 8 hivi, hupenya vijia vya bandama vilivyo vyembamba kuliko yenyewe. Malaria ikiikaza, inakwama.

Presha, basi: pima, punguza chumvi, tembea, meza dawa ulizoandikiwa hata ukijisikia mzima. Na kama bangili uliivaa kwa ajili ya ganzi ya vidole, kapime sukari. Bangili ukiipenda vaa, ila ivue kabla ya MRI, na mwenye betri ya moyo asiilalie kifuani.